Masikio ya Ng'ombe Watatu

Nyakato, Musoma
Ijumaa mchana

Mkami mwanangu,

Umetoka hapa saa tatu kwenda Bunda kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla jua halijapoa, kwa sababu bibi yako hamwachii mtu aondoke bila kula mara mbili. Baba yako yuko dukani Mukendo. Nimebaki peke yangu na begi lako kubwa, umelizungushia kamba juu ya zipu utafikiri unapeleka kuku mnadani. Barua hii nitaiweka kwenye ule mfuko wa pembeni wenye vyeti, maana huo najua hutamwachia mtu mwingine aufungue.

Usitafute humu maneno ya kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo baba yako amekueleza mara nne tangu ulipopata kazi, na mara ya tano atakueleza kesho stendi mbele ya abiria. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka tisa. Nilitaka kukwambia kwa mdomo. Juzi tukiwa jikoni tunaparua magamba ya sato nilishafungua kinywa, ukaniuliza, "Mama, vipi?" Nikasema chumvi imeisha. Chumvi ilikuwepo, nusu kopo.

Unakwenda Mwanza kufanya kazi maabara. Utapima vitu vinavyoletwa na polisi, utaandika ripoti, na siku moja utaitwa mahakamani uieleze. Jumapili walipokuombea kanisani, mchungaji aliomba Mungu akupe ujasiri wa kusimama mbele ya wakubwa, na kanisa zima likasema amina. Mimi sikuitika. Uliniangalia, ukanipa leso, ukadhani nalia kwa sababu unaondoka. Nililia kwa sababu hiyo pia, sitakudanganya. Lakini mimi nilishasimama hapo unapokwenda kusimama, mwanangu, nikamfunga mtu kwa kinywa changu.

Ulikuwa kidato cha pili, unasoma bweni. Mimi nilikuwa afisa mifugo kule Butiama, nakaa huko wiki nzima, Ijumaa narudi hapa na pikipiki nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Wafugaji waliniita Dakitari, ingawa nilichonacho ni stashahada. Mwanzoni hawakuniita hivyo. Mwanzoni kulikuwa na mzee mmoja aliyewaambia wenzake nikiwa nasikia, "Mwanamke anajua nini ya ng'ombe zaidi ya kukamua?" Nilichoma sindano madume yake sita bila kufungwa kamba, tena nikiwa nimevaa sketi. Baada ya hapo nikawa Dakitari. Jina hilo nililipenda kupita kiasi, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Siku moja polisi waliniletea barua ofisini. Kulikuwa na ng'ombe watatu, mitamba, wamefungwa nyuma ya kituo. Mzee mmoja wa upande wa Bunda alikuwa ameibiwa ng'ombe wiki kadhaa nyuma, akazunguka akiwatafuta, akawakuta hawa watatu kwenye boma la kijana mmoja karibu na Buhemba anayeitwa Wambura. Mzee alisema ni wake kwa sababu ya mkato wa sikio. Wewe umekulia mjini lakini masikio unayajua, uliyaona kwa babu yako: kila ukoo una mkato wake, huyu anatoa ncha, yule anapasua katikati, mwingine anatoa kipande kwa chini. Polisi walitaka niangalie kama mikato ile imechezewa.

Nikaangalia. Sikio la kushoto lilikuwa na mkato wa yule mzee, wa zamani, umeshaota manyoya. Juu yake kulikuwa na mkato mwingine, wa akina Wambura, na kovu lake lilikuwa bado halijaota nywele, ngozi inang'aa. Wote watatu vilevile. Nilitumia dakika kama ishirini, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na chanjo kijiji cha pili na barafu ilikuwa inayeyuka kwenye kiboksi changu. Nikaandika ripoti nusu ukurasa: kuna alama mbili, ya pili imekatwa juu ya ya kwanza, na ya pili ni ya hivi karibuni. Nikasaini, nikagonga muhuri. Kila neno katika ripoti ile lilikuwa kweli. Ningeishia pale, leo nisingekuwa nakuandikia.

Siku ya kesi nilivaa ile suti yangu ya kijani, ile uliyonikataza nisiivae kwenye mahafali yako. Mwendesha mashtaka alinikuta kwenye korido kabla hatujaingia. Alikuwa kijana mpole tu, ana mafaili mengi kuliko mikono.

"Dakitari, umeandika hivi karibuni," akasema. "Sasa hivi karibuni ndiyo lini? Jana ni hivi karibuni, na mwaka jana nayo ni hivi karibuni. Hakimu atataka muda."

Nikamwambia kovu haliandikwi tarehe.

"Wewe ndiyo mtaalamu, mimi sijasoma ng'ombe. Hizi ziliibwa wiki kumi kabla ya kukamatwa. Inawezekana ule mkato ni wa ndani ya hizo wiki kumi, au haiwezekani?"

"Inawezekana."

"Basi, Dakitari. Inatosha."

Angalia alivyofanya, Mkami, na wala hakufanya kosa lolote. Hakuniambia niseme uongo. Aliniuliza swali la kweli, nikampa jibu la kweli, na katikati ya hayo nikajua namba anayoihitaji. Watakuja kwako hivyohivyo. Hawatakuja na bahasha, watakuja na haraka na heshima, na wewe utatamani kuwasaidia kwa sababu ni watu wazuri na kazi yao ni ngumu.

Nikashika Biblia nikaapa. Nikaulizwa jina, elimu, miaka ya kazi. Mwanangu, hakuna kitu kitamu kama kusimama mbele ya watu wazima walionyamaza wakisikiliza elimu yako. Nyuma kwenye benchi walikaa wafugaji ninaowafahamu, na yule mzee wa sketi alikuwepo. Mwendesha mashtaka akaniuliza: kwa utaalamu wako, kovu la mkato wa pili lina muda gani? Nikasema, "Halizidi miezi mitatu." Sikusema inawezekana. Sikusema nadhani. Sauti yangu ilitoka imenyooka, hata mimi niliipenda.

Wambura hakuwa na wakili. Alikuwa amesimama kizimbani na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na hakimu akamwambia ana haki ya kuniuliza maswali. Akafikiri sana. Kisha akauliza moja.

"Dakitari, wewe ulikuwepo sikio likikatwa?"

Nikajibu, "Sikuwepo. Ndiyo maana watu tunasoma, ili tusilazimike kuwepo."

Watu wakacheka. Askari alicheka. Hakimu aligonga meza kuwanyamazisha lakini na yeye alikuwa anatabasamu. Wambura akasema hana swali lingine, akainamisha kichwa. Nimekaa na kicheko kile miaka tisa. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na mimi nililijibu kama mtu anayemfukuza nzi.

Sasa subiri, maana kosa kubwa bado.

Zamu yake ya kujitetea ilipofika, kijana alisema kwamba ng'ombe wale walikuja kwake kama mahari ya dada yake, zaidi ya mwaka uliopita. Shemeji yake akaja kusema ni kweli, kwamba marehemu baba yake aliwanunua wakiwa ndama kwenye mnada, wakiwa tayari na mkato wa yule mzee wa Bunda, naye hakuwatia wake kwa kuwa aliwaweka kwa ajili ya mahari, na kwamba mzee mwenyewe aliuza ndama wengi mwaka ule wa ukame, pengine hawakumbuki wote. Lakini aliyewanunua amekufa na karatasi ya mnada haikuonekana. Mwendesha mashtaka akamgeukia Wambura: kama umewapokea tangu mwaka jana, kwa nini umewakata masikio juzijuzi tu? Mtaalamu ametwambia hapa, miezi mitatu. Njia ya mwongo ni fupi.

Ukisoma swali hilo kama mtu wa mbali, linaua. Hakimu wetu alikuwa mtu wa mbali. Mimi si wa mbali.

Nikukumbushe jambo la kwetu ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa ndani yake. Baba yako aliponioa, kwetu walipelekwa ng'ombe kumi na mmoja. Babu yako aliwaingiza zizini, akawalisha, akawaogesha joshoni, na hakugusa sikio hata moja. Walikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu na alama za watu wengine. Ng'ombe wa mahari kwetu hakatwi mpaka binti azae. Ndoa inaweza kuvunjika, ng'ombe wakarudi walikotoka, na ukirudisha ng'ombe mwenye mkato wako unaanzisha ugomvi wa vizazi viwili. Siku ulipozaliwa wewe, habari ilipofika Butiama, babu yako alinoa kisu asubuhi hiyohiyo. Mama yangu alinisimulia jinsi alivyokuwa anaimba. Masikio yale kumi na moja yalikatwa kwa ajili yako, Mkami.

Kwa hiyo nilikuwa najua. Ukoo wa Wambura na wetu ni watani, mila ni moja. Lakini nikiwa kizimbani lile jambo halikunijia kichwani hata kidogo, nakuapia. Niliingia mle na elimu ya chuoni, mila nikaiacha nje kama viatu vyenye matope. Tumelelewa hivyo sisi tuliosoma, kuona aibu kwamba tunajua vitu ambavyo hatukufundishwa darasani.

Lilinijia nusu saa baada ya kutoa ushahidi, uani, na halikuja lenyewe. Mama yake Wambura alinifuata nikiwa nafunga helmeti. Mwanamke mfupi, ana kanga mbili zisizofanana. Alinisemesha kwa lugha yetu.

"Wewe si mtoto wa hapa? Si unajua tulikuwaga tunangoja mtoto? Binti yangu amejifungua mwezi wa pili, ndiyo tukakata. Hao wa humo ndani hawajui hiyo. Wewe unajua."

Nikasimama na helmeti mkononi. Na unajua nilimjibu nini? "Mama, mimi ushahidi wangu nimeshatoa. Hayo mwanao ayaseme kwenye utetezi wake."

Aliyasema. Siku hiyo ya utetezi, wiki mbili baadaye, nilirudi mahakamani, hakuna aliyeniita, nikakaa benchi la nyuma. Wambura alieleza habari ya mahari na mtoto kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. Hakimu alimsikiliza, kwa kweli alimsikiliza, akamuuliza kama yupo mtu yeyote asiye wa familia yake anayeweza kuthibitisha desturi hiyo. Wambura akageuka kuangalia benchi. Aliniona. Alinikazia macho, hakuninyooshea kidole, hakutaja jina langu. Na mimi nikainama nikaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshageuka.

Nimejitafutia sababu nyingi, na zote nazijua kwa moyo. Kwamba shahidi wa upande mmoja haruki upande wa pili. Kwamba ningeonekana nimehongwa. Kwamba hakimu angegundua mwenyewe, ndiyo kazi yake. Ya kweli ni moja: ningesimama pale, ningelazimika kusema kwamba Dakitari alikosea, na yule mzee wa sketi alikuwa amekaa mbele yangu.

Hukumu ilisema shahidi wa nne, yaani mimi, ni mtaalamu asiye na upande wowote, na mahakama haina sababu ya kutomwamini. Miaka mitano. Ng'ombe wakarudishwa kwa mzee wa Bunda, naye wala hakuwa mtu mbaya, aliibiwa kweli, aliamini kweli. Ijumaa ile nilikuja hapa, nawe ulikuwa likizo. Ulikuwa umepika ugali ukaungua chini, nikakugombeza mpaka ukalia. Baba yako alishangaa. Ule ugali haukuwa na kosa.

Baada ya hapo nikaanza kujipima kwa siri. Kila ndama niliyemkata sikio, au niliyeona akikatwa, nilimwandika kwenye daftari na tarehe. Mwaka ulipopita nikawa nayaangalia makovu kwanza, nakisia, halafu ndiyo nafungua daftari. Nilikosa mara nyingi kuliko nilizopata. Ng'ombe mwenye kupe, kovu lake linachelewa. Aliyekatwa masika linatutumka. Wengine wana ngozi tu ya namna yao, mwaka mzima inang'aa. Kwa hiyo hata ile miezi mitatu yenyewe, ambayo kwa bahati ilikaribia ukweli, niliiokota hewani. Nilisema nisichokijua, na nilichokijua nikakinyamazia. Mtaalamu hawezi kuharibu zaidi ya hapo.

Wambura alitoka miaka minne iliyopita. Mama yake alifariki yeye akiwa gerezani. Nilisikia anachimba dhahabu mashimo ya Buhemba, kibarua kwa wenye maduara, wale wanaomiliki mashimo, maana ng'ombe hana na hakuna anayempa wa kuchunga. Nikawa napita njia ya mbali ili nisikutane naye. Halafu kazi yako ikatoka, ukanisomea barua ile kwa sauti hapa sebuleni, ukafika pale panaposema utatakiwa kutoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani. Ulikuwa unaruka. Usiku ule sikulala, na mwezi uliopita nikaenda.

Sikukwambia nakwenda wapi, nilisema nina semina. Nilimkuta nyumbani kwake anaziba ukuta kwa udongo. Amekonda, nywele zina mvi kuliko zangu, na nimemzidi miaka kumi na kitu. Alinitambua. Akanawa mikono, akanitolea kigoda, yeye akakaa chini kwenye jiwe. Nikamwambia yote kama nilivyokwambia wewe, pamoja na mkoba. Nikamwomba msamaha. Nilidhani atanifukuza, na sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inaomba anifukuze niende nyumbani.

Hakunifukuza. Akasema, "Dakitari, ulipokuwa unanifunga uliandika. Ukasaini, ukagonga muhuri. Leo unanifungua kwa mdomo?"

Nikaangalia ule ukuta aliokuwa ameuziba nusu.

"Mimi nikienda kwa watu na maneno yako, watasema mwizi ameota ndoto," akaendelea. "Kijana wangu ametaka kuoa. Tumeenda mara mbili. Wanakaribisha vizuri, tunakula, halafu wanasema binti bado anasoma. Hasomi yule. Wanaogopa boma la mwizi. Andika, Dakitari. Andika sikuiba."

Hapo, mwanangu, nilipata mtihani ambao sikuutegemea. Moyo wangu wote ulitaka kusema ndiyo, naandika hivyo hivyo unavyotaka. Namwamini. Lakini ndivyo nilivyomfunga, kwa kumpa mtu mwenye shida neno alilolihitaji. Nikamwambia siwezi kuandika kwamba hakuiba, kwa sababu sikuwepo. Naweza kuandika kwamba miezi mitatu niliisema bila kuijua, kwamba kovu lile lisingeweza kumwambia mtu yeyote muda wake, na kwamba mila ya kungoja mtoto ipo, niliijua, nikaulizwa kwa macho nikaangalia mkobani.

Aliinuka akaenda kupapasa udongo wa ukutani. Nilidhani nimemuumiza mara ya pili.

"Basi andika hicho hicho," akasema.

Nimekiandika. Wakili wa kule Mukendo amekipanga vizuri, kinaitwa hati ya kiapo, kurasa tatu, bado saini yangu. Wakili ni mama mmoja mkali, hakunibembeleza. Amesema Wambura anaweza kuomba Mahakama Kuu isikilize rufaa yake nje ya muda, wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Amesema pia kwamba mimi naweza kuulizwa kwa nini niliapa nisichokijua, naweza kushtakiwa, na kazini wanaweza kuniundia kamati. Nimebakiza miaka miwili kustaafu.

Baba yako anajua tangu wiki iliyopita. Ameniambia yaliyopita si ndwele. Nilipong'ang'ana akakasirika, na kama ulijiuliza kwa nini tunasemeshana kama wapangaji siku hizi, ni hilo. Usimchukie. Hanionei huruma mimi, anakuhurumia wewe. "Mtoto ndiyo kwanza anaanza," alisema, "na jina lake litafungwa pamoja na faili lako. Kila wakili atakayetaka kumwangusha atauliza, wewe si mtoto wa yule mama aliyeapa uongo? Ngoja hata miaka mitatu asimame kwanza." Na hapo baba yako yuko sahihi. Nimelipima neno lake kila upande, sikuona ufa. Nakuharibia mwanzo. Mama gani anamfungia mwanae begi huku akimwekea jiwe ndani yake?

Lakini hiyo miaka mitatu yule kijana wa Wambura ataipata wapi? Naogopa, Mkami. Naogopa kamati, naogopa watu wa kanisani, naogopa zaidi siku utakapoisoma hii ukiwa peke yako kwenye chumba ambacho sijakiona. Huwa najifanya jeuri, unanijua, lakini hapa mwandiko wenyewe unapanda mlima. Sikuombi ruhusa. Ningekuomba ukakataa ningekutii, halafu lingekuwa lako na si langu. Ndiyo maana unaisoma baada ya safari na si kabla.

Kuhusu kazi yako sina mengi, wewe unayajua kuliko mimi, mashine zenu zinasoma vitu ambavyo sisi tulivikisia kwa kidole gumba. Nakuomba tu uwe mtu asiyeona aibu kusema "sijui" akiwa amevaa suti. Ni neno jepesi ukiwa jikoni. Kule mbele linakuwa zito, watu wanakukodolea, mwendesha mashtaka anashusha mabega, na unajiona umewaangusha wote. Liseme hivyo hivyo. Na ukitoka nje, mama mmoja mwenye kanga zisizofanana akakushika mkono, vua helmeti urudi ndani.

Kesho basi likiondoka, baba yako atakwenda kufungua duka. Mimi nitavuka barabara niende kwa wakili nikasaini.

Halafu itakuja siku, labda mwaka huu, labda baada ya mitano. Utakuwa umesimama, umeapa, umeeleza kazi yako vizuri, na wakili wa upande wa pili atainuka akiwa na karatasi zangu tatu mkononi. Hatakuuliza kuhusu maabara. Atakuuliza kama unamfahamu mwanamke aliyesaini pale chini, aliyemfunga mtu kwa jambo asilolijua, na chumba kizima kitanyamaza kukusikiliza. Usiangalie mkobani. Usinitetee, usieleze. Mwambie ndiyo, namfahamu, ni mama yangu.

Mimi,
Mama yako